Kata

Ofisi ya Wakili Nzobonaliba ilikuwa chumba kimoja
nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, Kasulu mjini:
mlango wa mninga, komeo kwa ndani, na redio
iliyowashwa makusudi ili ukuta usisikie.
Akija mteja ambaye Kiswahili kilimpiga chenga
niliitwa mimi, nikakaa katikati,
goti langu moja kwa huyu, moja kwa yule,
Kiha kikiingia sikioni, Kiswahili kikitoka mdomoni,
na baina ya viwili hivyo kikabaki kitu
ambacho hakijawahi kuwa changu.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Sawa. Lakini nani amewahi kuiuliza kata
kama ilitaka kujua?

Bitaliho alikuja siku ya mvua,
udongo mwekundu miguuni, mawese hadi viwikoni.
Ghala la shemeji yake lilikuwa limeungua, na maharage ya mwaka mzima ndani,
na hati ya mashtaka ilikuwa na jina lake.
Alisema maneno labda mia mbili.
Niliyatafsiri yote. Moja nililirudia,
wakili hakuliamini mara ya kwanza.
Kisha kalamu ikalazwa mezani.
Redio ilikuwa inasoma bei za kahawa.

Mahakamani ni kwingine.
Hakimu, mama mfupi, miwani yake ina kamba,
aliingia, akatazama madirisha, akasema:
"Fungueni. Hiki si chumba changu."
Wakafungua. Ikaingia harufu ya mihogo, zikaingia kelele za bodaboda,
wakaingia wauza mawese (ndoo zibaki nje!),
kijana aliyetoroka kipindi cha hesabu,
na babu mmoja asiyekosa kesi
kwa kuwa benchi ni la bure na watu ni wengi.
Hakuna aliyeulizwa anamjua nani.
Hukumu iliyopikwa gizani, Nzobonaliba alikuwa akisema,
hata ikiwa tamu, mlaji atatafuta mchanga.

Siku ya tatu mwendesha mashtaka aliniona benchi la nyuma.
Akanyoosha kidole:
"Yule alikuwemo chumbani. Apande kizimbani, aseme."
Shingo zote ziligeuka kwa mpigo mmoja, kama alizeti.
Milango wazi, madirisha wazi,
na mimi peke yangu nimetiwa komeo.
Hakimu hakupandisha sauti:
"Ulimi ulioazimwa na wakili ni wa mteja.
Keti, mama."
Nikaketi. Watu wakaguna.
Ilikuwa haki yao kuguna;
ndiyo maana madirisha yalifunguliwa.

Unataka kujua iliishaje? Jalada lipo.
Kaombe masijala, kasome, ni la kila mtu.

Hili jingine halimo kwenye jalada.
Yoranda, dada wa Bitaliho, mke wa mwenye ghala,
alinikuta sokoni nikipima maharage.
"Neno moja tu," akasema. "Ndiyo au siyo. Nipate usingizi."
Nilimpimia kisado, nikaongeza kiganja,
nikaongeza kingine, mikono ikinitetemeka.
Akayatazama yale maharage ya nyongeza muda mrefu.
Kisha akayamwaga chini, yote,
akidhani nimemjibu.

Nzobonaliba tumemzika.
Bitaliho naye, habari ilikuja kutoka Mpanda, kwa simu ya mtu.
Lile duka la vipuri siku hizi linauza vocha.
Wajukuu wananizunguka: Bibi, wamekwisha wote,
sasa kunazuia nini?
Nawaambia: mwenye neno angekuwa hai
ningemwendea, nimwombe ruhusa.
Maiti haifungui komeo.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa
ukingoja niteleze,
karibu, kaa, benchi ni la bure.
Redio inasoma bei za kahawa.